Kesi Iliyolala na Kesi Iliyokwisha: Utangulizi wa Sheria ya Kukomesha Mashtaka ya Jinai

Mtu aliyefunguliwa kesi ya jinai mjini Kindu hutamani neno moja kuliko yote: imekwisha. Atalisikia mara nyingi kabla halijawa kweli. Polisi aliyemkamata atamwambia imekwisha akishatoa kitu kidogo. Jamaa watamwambia imekwisha baada ya wazee kukaa na kuzipatanisha pande mbili. Mtu wa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, atamwambia dosie haionekani, kwa hiyo imekwisha. Naye atavuka mto kurudi kwake Alunguli na moyo mweupe, na miezi minane baadaye ataletewa hati ya mwito yenye namba ileile ya RMP, daftari la parke.

Somo ambalo kurasa hizi zinakukaribisha kwalo linahusu tofauti kati ya kesi iliyolala na kesi iliyokwisha. Kiini chake ni ombi ambalo mshtakiwa hulileta mbele ya hakimu. Hasemi kwamba hakutenda kosa. Hilo ni jambo la kuamuliwa baada ya ushahidi kusikilizwa. Anasema kwamba dola haina haki ya kumshtaki kwa kosa hilo, leo wala kesho, kwa hiyo ushahidi usisikilizwe kabisa. Ni ombi zito. Likikubaliwa, mwenye hatia anaweza kurudi nyumbani bila kuulizwa, na aliyeumizwa akabaki bila hukumu. Likikataliwa pasipo haki, raia anaweza kuishi nusu ya umri wake chini ya shtaka lisilo na mwisho.

Msimamo wa utangulizi huu ni mmoja, na msomaji ataukuta kila ukurasa: mashtaka hukoma daima kwa sababu iliyotajwa na sheria na kuthibitishwa kwa maandishi na mwenye mamlaka. Mengine yote, hata yakitamkwa na mkubwa gani, ni usingizi wa dosie.

Mila mbili za sheria

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu akifungua vitabu vya majirani zetu wa mashariki atakutana na fundisho ambalo halimo katika sheria zetu. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi sheria ya Kiingereza, na katika mila hiyo mahakama ina uwezo wa asili wa kulinda heshima ya kazi yake. Mwaka 1964, katika kesi ya Connelly, majaji wa juu wa Uingereza walieleza kwamba mahakama inaweza kuzuia mashtaka yanayotumia mchakato wake vibaya. Mwaka 1993, katika kesi ya Bennett, walikwenda mbali zaidi. Mtu aliyedai kuletwa Uingereza kutoka Afrika Kusini kwa hila, bila kufuata taratibu za kukabidhiana watuhumiwa, alisikilizwa, na majaji wakasema kwamba mahakama inaweza kukataa kumhukumu hata kama angeweza kupata kesi ya haki. Kwao kulikuwa na maswali mawili: kwanza, je, kesi ya haki bado inawezekana? Pili, je, hata ikiwezekana, si aibu kwa mahakama kushiriki katika jambo lililoanza kwa uvunjaji wa sheria?

Kenya ina mfano wake maarufu. Stanley Munga Githunguri alishtakiwa kwa makosa ya fedha za kigeni yaliyodaiwa kutendeka zaidi ya miaka tisa nyuma, baada ya kuhakikishiwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu kwamba hatashtakiwa. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama Kuu ya Nairobi ilizuia mashtaka hayo na kuyaita matumizi mabaya ya mchakato wa mahakama. Dola ilikuwa imetoa ahadi, mtu akaishi akiitegemea, na mahakama ikakataa kutumika kuivunja.

Sisi tulirithi sheria ya Ubelgiji. Kanuni yetu ya Mwenendo wa Jinai ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, na Kanuni ya Adhabu ilianza zamani za ukoloni, ingawa zote mbili zimerekebishwa mara nyingi. Katika mila hii hakimu hapewi uwezo mpana wa kusema, "Kesi hii inaniudhi, naizima." Mtunga sheria ndiye aliyeorodhesha sababu zinazoua haki ya dola ya kushtaki, na avoka anayesimama mbele ya Tribinali Kuu ya Kindu lazima aonyeshe anategemea sababu ipi. Asipoitaja, hata akiongea kwa ufasaha saa mbili nzima, hakimu atasikiliza na kuendelea na kesi.

Sababu zinazoua mashtaka

Kwetu sababu kuu ni chache. Ya kwanza ni kifo cha mshtakiwa, kwa maana jinai hairithiwi. Watoto wanaweza kudaiwa fidia kutoka katika mali ya marehemu, lakini hawawezi kufungwa kwa ajili yake. Ya pili ni sheria kufutwa: kitendo kisipokuwa kosa tena, kesi yake haina pa kusimama. Ya tatu ni hukumu ya mwisho: aliyehukumiwa au kuachiliwa kwa hukumu isiyokatiwa rufaa tena hashtakiwi mara ya pili kwa tendo lilelile. Ya nne ni ukomo wa muda. Ya tano ni msamaha wa sheria. Ya sita ni faini ya makubaliano, ambayo watu wa mjini huiita tu amande.

Hii ya sita huchanganywa na rushwa, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Mwendesha pikipiki amegonga baiskeli karibu na soko, hakuna aliyeumia, kosa ni dogo. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Mwenendo kinamruhusu afisa wa polisi wa upelelezi, akiona kwamba mahakama ingetoa faini tu, kumwalika mkosaji alipe kiasi fulani kwa Hazina ya taifa. Kiasi hicho hakiwezi kuzidi faini ya juu iliyowekwa na sheria. Malipo hayo huzima mashtaka, isipokuwa parke ikiamua kuendelea. Alama ya kutambua ni karatasi. Faini ya makubaliano ina hati rasmi ya malipo inayoonyesha kwamba fedha zimeingia Hazina, na hati hiyo huambatanishwa na dosie. Fedha iliyoingia mfukoni mwa mtu haina hati, na kwa hiyo haijazima chochote. Aliyelipa hivyo amenunua muda, na muda wenyewe hana mkataba nao.

Hesabu ya muda

Ukomo wa muda ndio mlango unaotumika zaidi, na ndio unaomfundisha mwanafunzi kusoma dosie kwa makini. Kifungu cha 24 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka ngazi tatu. Kosa ambalo adhabu yake ya juu haizidi mwaka 1 wa kifungo, au ni faini tu, hupitwa na muda baada ya mwaka 1. Kosa ambalo adhabu ya juu haizidi miaka 5 hupitwa baada ya miaka 3. Kosa linaloweza kuleta zaidi ya miaka 5 au adhabu ya kifo hupitwa baada ya miaka 10. Matusi ya hadharani yamo katika ngazi ya kwanza, wizi wa kawaida katika ya pili, mauaji katika ya tatu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Baiskeli imeibwa katika mtaa wa Kasuku tarehe 10 Machi 2019. Wizi wa kawaida unafika miaka 5 ya kifungo, kwa hiyo muda ni miaka 3. Kama hakuna lolote lililofanyika, mlango umefungwa Machi 2022. Lakini fungua ganda la dosie. Ndani kuna PV, yaani taarifa rasmi ya maandishi, ya tarehe 4 Februari 2021, ambamo mtuhumiwa alihojiwa na afisa wa parke. Kwa kifungu cha 26, tendo hilo la upelelezi limekatiza muda, na miaka 3 mipya inaanza kuhesabiwa kutoka siku hiyo: sasa tumefika Februari 2024. Endelea kufungua. Kuna PV nyingine ya Septemba 2023. Mwanafunzi mwenye haraka atasema muda umekatizwa tena. Asome kifungu upya: matendo yanayokatiza muda ni yale yaliyofanyika ndani ya kipindi cha kwanza, kinachohesabiwa tangu siku ya kosa. PV ya 2023 imekuja nje ya kipindi hicho, haikatizi kitu. Dosie ikifika mahakamani Juni 2024, hakimu anapaswa kusema mashtaka yamekwisha, na anapaswa kusema hivyo hata kama mshtakiwa hana avoka wa kumkumbusha, kwa sababu ukomo wa muda ni jambo la maslahi ya umma.

Kwa hiyo tarehe katika dosie ni hoja kamili. Avoka anayehesabu tarehe kabla ya kuandika hotuba yake ameshafanya nusu ya kazi.

Kuna makosa ambayo muda hauyagusi. Tangu sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 ilipoingiza mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita katika Kanuni yetu ya Adhabu, hakuna shaka kwamba makosa hayo hayana ukomo. Katika mkoa uliopitiwa na vita kama Maniema, jambo hili si la nadharia.

Msamaha baada ya vita

Kindu ilianguka mikononi mwa waasi wa RCD mwezi Oktoba 1998, na miaka iliyofuata iliacha madai mengi ya jinai kuliko mahakama za mkoa zingeweza kubeba. Bunge lilijibu kwa sheria za msamaha. Ile ya tarehe 19 Desemba 2005 ilihusu matendo ya kivita na makosa ya kisiasa ya tangu Agosti 1996 hadi Juni 2003. Ile ya tarehe 7 Mei 2009 ililenga Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Ile ya tarehe 11 Februari 2014 ilihusu uasi, matendo ya kivita na makosa ya kisiasa ya kati ya tarehe 1 Januari 2006 na 20 Desemba 2013, na ilimtaka kila mwenye kuomba aweke sahihi ahadi ya kutorudia.

Hapa mwanafunzi ajifunze mambo mawili. Kwanza, msamaha wa sheria ni tofauti na msamaha wa Rais. Wa Rais, unaotajwa katika kifungu cha 87 cha Katiba, hupunguza au kuondoa adhabu ya mtu ambaye tayari amehukumiwa. Hukumu yenyewe inabaki. Msamaha wa sheria hutoka Bungeni na huua mashtaka yenyewe. Pili, msamaha una mipaka. Sheria zote tatu ziliweka nje mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita. Mtu anayeomba mashtaka yake yakomeshwe kwa msamaha hana budi kuonyesha kwamba kosa lake limo ndani ya tarehe na ndani ya aina iliyosamehewa.

Uganda inaonyesha jinsi mlango huu unavyoweza kufunguka na kufungwa. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya huko iliamuru kesi ya Thomas Kwoyelo, kamanda wa zamani wa kundi la waasi la LRA, ikome kwa sababu wenzake wengi walikuwa wamepewa msamaha na yeye akanyimwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi huo. Agosti 2024 alipatikana na hatia katika mashtaka 44, na Oktoba akahukumiwa miaka 40.

Yanayofanana na mwisho

Sehemu hii ndiyo yenye mitego mingi. Parke inaweza kuiweka dosie kando bila kuipeleka mahakamani, kwa kuwa ushahidi ni hafifu au jambo ni dogo. Uamuzi huo si hukumu. Parke inaweza kuifungua tena dosie hiyo maadamu muda haujapita, na aliyeumizwa anaweza kumshtaki mhusika moja kwa moja mahakamani bila kupitia parke. Isitoshe, sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inayopanga mahakama imempa Waziri wa Sheria uwezo wa kuiagiza parke ifungue mashtaka. Kuachiwa kwa muda nako si mwisho. Mtu ametoka kasho au gereza, lakini kesi yake imebaki ndani.

Mapatano ya familia yana uzito wake katika maisha yetu, na hakuna mwanasheria mwenye busara atakayeyadharau. Yanaweza kumaliza dai la fidia na kumshawishi mwendesha mashtaka. Hayawezi kuua haki ya dola. Katika ubakaji na makosa mengine ya kijinsia mtunga sheria alikuwa mkali zaidi: sheria ya tarehe 20 Julai 2006 iliyorekebisha mwenendo wa jinai inasema faini ya makubaliano haizimi mashtaka ya aina hiyo. Mbuzi na fedha zilizopelekwa kwa baba wa msichana hazina nguvu yoyote mbele ya tribinali.

Kwa majirani, mtego huu hukaa mahali pengine. Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa kesi, kama alivyofanya tarehe 4 Machi 2022 katika kesi ya ugaidi ya mwanasiasa Freeman Mbowe, mshtakiwa huachiwa, lakini sheria yenyewe inasema kuachiwa huko hakuzuii mashtaka mapya kwa mambo yaleyale. Katiba ya Kenya ya 2010 imetia breki: mwendesha mashtaka haondoi kesi bila ruhusa ya mahakama, na akiiondoa baada ya kumaliza kuleta ushahidi wake, mshtakiwa huhesabiwa kuwa ameachiliwa kabisa.

Mfano mzito zaidi kwetu unamhusu mwana wa Kindu. Augustin Matata Ponyo, aliyezaliwa hapa, aliyekuwa Waziri wa Fedha na kisha Waziri Mkuu kuanzia 2012 hadi 2016, alishtakiwa kuhusu fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo. Tarehe 15 Novemba 2021 Mahakama ya Katiba ilisema haina mamlaka ya kumhukumu Waziri Mkuu ambaye hayupo tena madarakani. Wengi walisherehekea kana kwamba kesi imekwisha. Lakini mahakama inayosema "mimi si hakimu wako" haijasema "wewe huna kesi". Dosie ilipelekwa Mahakama ya Kasasyo, swali la katiba likaibuka humo, na tarehe 18 Novemba 2022 Mahakama ya Katiba ikageuza msimamo na kusema ina mamlaka. Tarehe 20 Mei 2025 ilimhukumu miaka 10 ya kazi ngumu.

Wanasheria hawajaacha kubishana. Upande mmoja hutaja kifungu cha 168 cha Katiba, kinachosema maamuzi ya Mahakama hiyo hayakatiwi rufaa, na kuuliza vipi uamuzi wa 2021 ulirudiwa. Upande wa pili hujibu kwamba uamuzi juu ya mamlaka haugusi hatia, kwa hiyo haukuua mashtaka. Msomaji hatakiwi kuchagua upande kwa mapenzi ya siasa. Ajiulize tu: uamuzi wa kwanza uliamua nini hasa, na uliacha nini wazi?

Mahakama inapojizuia yenyewe

Wakongomani hawako mbali na fundisho la Kiingereza kama inavyodhaniwa, kwa kuwa kesi iliyolijenga katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ni ya Mkongomani. Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la UPC huko Ituri, alipelekwa Hague Machi 2006. Mwendesha mashtaka alikuwa amepokea nyaraka, nyingi kutoka Umoja wa Mataifa, kwa ahadi ya kuzitunza kwa siri, na ndani yake yalikuwamo mambo yanayoweza kumsaidia mshtakiwa. Tarehe 13 Juni 2008 majaji walisimamisha kesi: mtu hawezi kuhukumiwa kwa haki huku yanayomtetea yakiwa kabatini. Nyaraka zilipofunguliwa, kesi iliruhusiwa kuendelea Novemba 2008 na kuanza Januari 2009. Julai 2010 ilisimamishwa tena, kwa sababu mwendesha mashtaka alikataa kutii amri ya kutaja jina la mpatanishi mmoja aliyewaleta mashahidi. Oktoba majaji wa rufaa wakasema kulikuwa na njia nyingine za kumlazimisha atii, na kesi ikaendelea. Machi 2012 Lubanga alipatikana na hatia ya kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi, na Julai akapewa miaka 14.

Funzo la Lubanga ni kwamba kusimamisha kuna daraja. Kasoro inayoweza kurekebishwa husimamisha kesi kwa sharti. Kasoro isiyorekebishika ndiyo inayoiua. Mahakama ya Arusha iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda ilijifunza hili kwa uchungu. Tarehe 3 Novemba 1999 majaji wa rufaa waliamuru mashtaka ya Jean-Bosco Barayagwiza yafutwe daima, kwa kuwa alikaa kizuizini miezi mingi bila kuelezwa mashtaka na baada ya kufikishwa Arusha alisubiri siku 96 kabla ya kuletwa mbele ya jaji. Rwanda ilisitisha ushirikiano. Tarehe 31 Machi 2000 majaji wa rufaa waliupitia upya uamuzi huo na kusema nafuu yake itakuwa kupunguziwa adhabu akipatikana na hatia. Je, walisahihisha kosa au waliinamia shinikizo? Swali hilo bado linagawanya vyumba vya mihadhara.

Pa kuanzia

Anayeingia katika somo hili aende na maswali matatu kwa kila dosie. Nani amesema kesi imekwisha, na ana mamlaka gani? Amesema kwa sababu gani kati ya zile zilizotajwa na sheria? Na maandishi yako wapi? Majibu matatu yakipatikana, kesi imekwisha. Likikosekana moja, mshauri mteja wako atunze karatasi zake na ajue anapoishi mwendesha mashtaka.

Swali kubwa ambalo Kongo haijalijibu liko katika kifungu cha 19 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kesi yake kusikilizwa katika muda unaofaa. Katiba imeitaja haki hiyo, lakini sheria ya mwenendo haijaweka wazi kinachofuata ikivunjwa. Canada, mwaka 2016 katika kesi ya Jordan, iliweka mipaka ya miezi 18 na miezi 30, na kesi inayopitiliza bila sababu ya kutosha hukomeshwa. Kwetu mtu anaweza kukaa katika gereza la Kindu akingoja siku ya kusikilizwa, ukomo wa muda ukawa haujafika, msamaha haumhusu, na hakuna sababu katika orodha inayomfaa. Kunakili kipimo cha Canada hakutatosha mahali ambapo majaji ni wachache na barabara za kutoka Kabambare au Punia hadi Kindu huchukua siku nyingi. Mipaka mifupi ingewaachilia wauaji kwa makosa ya barabara. Hata hivyo, haki isiyo na matokeo inapovunjwa ni haki ya karatasi. Kati ya hatari hizo mbili kuna kazi ya kisheria inayosubiri: kuishawishi mahakama, dosie baada ya dosie, iseme ni ucheleweshaji gani unaopunguza adhabu, upi unaomtoa mtu gerezani, na upi unaoua mashtaka. Hoja hiyo haihitaji kusubiri Kinshasa. Inaweza kuandikwa hapa Kindu, katika maombi yatakayowekwa mbele ya tribinali na avoka aliyehesabu tarehe zake vizuri.